Joseph Kang'ethe Alikuwa Nani? Somo kwa Wazazi na Vikundi

Somo letu la mara hii limetokana na swali ambalo niliulizwa mbele za watu na nikashindwa kulijibu sawasawa. Aibu hiyo nimekaa nayo, na ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Tulikuwa kwenye kikundi cha wazazi, watu kama kumi na wanane hivi, tukizungumza juu ya watoto wanaotafuta nafasi ya darasa la kwanza. Tangu elimu ya msingi iwe bure Januari 2003, kupata nafasi katika shule ya Olympic si jambo rahisi, kila mtu huku anajua. Basi mama mmoja wa Lindi akasema yeye atajaribu Joseph Kang'ethe, kule Woodley. Baba mmoja akauliza, "Lakini huyo Kang'ethe ni nani? Ni mbunge wa zamani?" Mwingine akadakia, "Hilo ni jina la wenyewe. Sisi wa Kibera tuna watu wetu, mbona shule zisiitwe kwa majina ya watu wetu?" Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka. Waliokuwa Kibera mwanzo wa mwaka 2008 wanajua kwa nini maneno ya namna hiyo hayachekeshi.

Wakanigeukia mimi. "Madam, wewe umesoma, tuambie." Nikasema alikuwa mpigania uhuru. Hapo nikakwama. "Mpigania uhuru" ndilo jibu tunalowapa watoto wakati sisi wenyewe hatujui kitu.

Nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na nimeyapanga ili kikundi chochote kiweze kuyatumia.

Kwanza tuangalie mahali penyewe. Ukitoka Olympic ufuate Kibera Drive, upite Ayany na Makina mpaka upande wa Soko la Toi, unaingia Woodley, na barabara inayoelekea Ngong Road inaitwa Joseph Kang'ethe. Jina la shule na la barabara ni moja. Woodley ilijengwa na baraza la mji wakati wa ukoloni kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alipita pale akienda kufua, kupika au kukata nyasi, na ilimbidi awe na kipande chake. Kwa hiyo mtu aliyeweka jina la Kang'ethe mahali kama pale hakuweka tu kibao cha kuelekeza watu njia. Kang'ethe ni mmoja wa watu walioandika barua kupinga kipande hicho.

Vijana wetu hawajakiona kipande, kwa hiyo niwaeleze. Kuanzia mwaka 1919 na 1920, kila mwanaume Mwafrika aliyezidi miaka kumi na sita alitakiwa awe na cheti chenye alama za vidole vyake na majina ya mabwana aliowafanyia kazi. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, kama kengele ya mbuzi. Bwana asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kupata kazi kwingine. Wazee walikichukia kuliko kodi yenyewe.

Wakati huohuo mambo mawili makubwa yalitokea juu ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915 ilisema ardhi ya Waafrika ni mali ya Mfalme wa Uingereza. Halafu mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba kwa sheria hiyo Mwafrika hana haki yake mwenyewe katika ardhi anayolima. Ni mpangaji tu, wa kuondolewa wakati wowote Serikali itakapo. Fikiria umezikwa babu yako hapo, baba yako hapo, halafu unaambiwa wewe ni mpangaji.

Harry Thuku, karani wa simu hapa Nairobi, akasimama kupinga mambo hayo. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe, wakapigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, mmojawao Mary Nyanjiru, yule mama aliyewatangulia wanaume. Thuku akapelekwa Kismayu, asirudi mpaka mwisho wa 1930.

Baada ya risasi hizo mtu wa kawaida angekaa nyumbani na kufunga mlango. Hapo ndipo Joseph Kang'ethe anapoingia. Katikati ya miaka ya 1920, kule Kahuhia, Murang'a (wakati huo pakiitwa Fort Hall), vijana waliosoma kidogo katika shule za misheni wakaunda chama, Kikuyu Central Association, ambacho watu walikiita KCA. Kang'ethe akawa rais wake na Jesse Kariuki makamu wake. Hawakuwa machifu. Machifu walikuwa na chama chao, na wengi wao hawakufurahi kuona vijana wanaandika barua kwa Gavana bila kupitia kwao.

Mwaka 1925 Gavana Edward Grigg alifika Fort Hall, nao wakampa barua yao. Nimesoma yaliyokuwamo nikasimama kidogo. Walilalamika juu ya sheria ya ardhi na ile hukumu ya 1921. Walitaka Thuku aachiliwe. Walitaka waruhusiwe kupanda kahawa, maana ilikuwa zao la Wazungu. Walitaka shule ya juu, na shule ya wasichana pia. Walitaka Waafrika wafundishwe kazi ya hospitali. Na walitaka sheria za nchi ziandikwe kwa lugha ambayo watu wao wanaielewa.

Hili la mwisho lilinigusa mimi katika kazi yangu. Ni mara ngapi nimekaa na mama ameshika karatasi ya korti au ya kuhamishwa, imeandikwa Kiingereza cha mawakili, naye ameiweka chini ya godoro kwa sababu hajui inasema nini? Siku inafika, tingatinga liko mlangoni. Watu wa Kang'ethe waliliona jambo hilo miaka mia iliyopita: sheria usiyoweza kuisoma haiwezi kukulinda.

Waliyoomba hawakupewa, au walipewa kidogo sana na kwa kuchelewa. Sasa hapa ndipo ningependa vikundi vyetu vitulie, maana sisi tukiandika barua moja kwa chifu na isijibiwe wiki mbili, tunavunja kikundi. Wao walifanya nini? Walihamisha kazi za chama hapa Nairobi, walikokuwa makarani na watu wa mshahara. Mwaka 1928 wakampata katibu mkuu, Jomo Kenyatta, ambaye alikuwa mfanyakazi wa maji wa baraza la mji na alikuwa na kiduka upande wa Dagoretti, si mbali na Kawangware ya leo. Mwezi wa Mei mwaka huohuo wakaanzisha gazeti lao la kila mwezi, Muigwithania, maana yake mpatanishi. Lilikuwa na habari za chama, barua za wasomaji, methali na mawaidha. Halafu wakachanga pesa. Mchango wa watu wa kawaida ndio uliompeleka Kenyatta London mwezi wa Februari 1929, akibeba malalamiko ya ardhi, kodi, shule, na kwamba Waafrika hawana mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria.

Alirudi Septemba 1930. Mwaka 1931 akatumwa tena pamoja na Parmenas Githendu Mockerie, ili watoe ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kamati haikuwasikiliza. Nauli imelipwa, koti limenunuliwa, bahari imevukwa, na mlango umefungwa. Kenyatta alibaki ng'ambo mpaka 1946. Kang'ethe alikuwa hapa nyumbani, na ndiye aliyebaki na kazi ya kuwaelezea waliochanga.

Mimi nimekuwa mweka hazina wa kikundi. Ninajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Si vizuri kumfanya mtu huyu malaika. Mwaka 1929 ulizuka ugomvi mkubwa kati ya misheni za Kiprotestanti na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana. KCA ilisimama upande wa kuitetea desturi hiyo, ikiona kwamba misheni wanaingilia mila za watu ambao wameshanyang'anywa ardhi. Ninaelewa hasira yao, lakini kwa jambo lenyewe sikubaliani nao. Wasichana ndio waliobeba maumivu ya ugomvi wa wanaume. Hata hivyo kutoka katika mgogoro huo zilizaliwa shule za kujitegemea, zilizojengwa na kulipiwa na wazazi wenyewe, mpaka 1939 wakaanzisha chuo cha walimu kule Githunguri. Historia ndivyo ilivyo, inakupa vitu viwili kwa mkono mmoja.

Tena chama kiligawanyika. Thuku alipotoka kifungoni alichaguliwa rais mwaka 1932, na wakakosana. Mwaka 1935 Thuku akaunda chama chake kingine, Kang'ethe na Jesse Kariuki wakaendelea na KCA. Watu wawili walioumia kwa jambo lilelile hawakuweza kukaa meza moja. Wanaoniambia kwamba vikundi vya Kibera hugawanyika kwa sababu ya umaskini, wasome hapo.

SASA LILE SWALI LA KABILA

Yule baba aliyesema "ni jina la wenyewe" hakukosea kabisa. Chama cha Kang'ethe kilikuwa cha Wakikuyu, jina lake linasema hivyo. Serikali ya kikoloni haikupenda vyama vya nchi nzima, na baada ya mambo ya Thuku watu wakajipanga kila mmoja kwao. Lakini angalia walichokuwa wakiomba wengine.

Desemba 1921, kule Lundha, Gem, walimu na vijana Wajaluo walifanya mkutano mkubwa ambao mpaka leo unaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jonathan Okwiri, mwalimu, akawa mwenyekiti wa chama chao, Young Kavirondo Association. Waliomba nini? Kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, Serikali ijenge shule, na nchi isiitwe koloni, kwa sababu waliogopa ardhi yao itakwenda kama ya wengine. Kule Kakamega, dhahabu ilipoonekana mwaka 1931 na wachimbaji Wazungu wakaingia katika mashamba ya watu, Waluhya wakaunda chama chao na kukiita North Kavirondo Central Association. Neno hilo "Central" walilitoa kwa chama cha Kang'ethe.

Mwaka 1938 Serikali ilianza kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu, wanaume na wanawake, wakaja Nairobi kwa miguu na kukaa kwa majuma kadhaa wakimtaka Gavana. Watu wa KCA walikuwa wakishirikiana na chama chao cha Ukamba, na vilevile na Teita Hills Association ya Wataita, ambao nao walikuwa wakigombania ardhi. Mwezi wa Mei 1940, vita vikiwa vimeanza, Serikali ilivipiga marufuku vyama hivyo vitatu pamoja, ikidai vina uhusiano na adui. Viongozi ishirini na watatu wakakamatwa: Wakikuyu, Wakamba na Wataita. Joseph Kang'ethe alikuwa mmoja wao. Walizuiliwa kwa miaka kadhaa, na Kang'ethe na wenzake wa KCA waliwekwa Kapenguria. Miaka kumi na mbili baadaye Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa mahali hapohapo, na hiyo ndiyo Kapenguria ambayo kila mtoto anaijua. Ya kwanza imesahauliwa.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza leo, "Ni wa kabila gani?" nitamjibu ni Mkikuyu wa Murang'a, sitaficha. Lakini nitaongeza: aliyoyaomba ndiyo baba yako aliyaomba kule kwenu, na alifungwa pamoja na watu wasiokuwa wa kabila lake.

Tena kuna Wanubi, ambao Kibera hii ndiyo kwao. Niliyapeleka mambo haya kwa mzee mmoja wa Makina. Alisikiliza mpaka nilipofika pale pa "mpangaji wa kuondolewa wakati wowote", akainua mkono. "Mwanangu, hapo simama. Hayo maneno ndiyo tuliyoambiwa na sisi." Ni kweli. Babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, wakapewa pasi za kukaa na kulima katika msitu huu, na mwaka 1918 Serikali ikatangaza rasmi ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Lakini haikuwapa hati. Kwa miaka mingi Serikali, ya kikoloni na hata iliyofuata, iliwahesabu wapangaji wa hisani tu, huku mitaa ikijengwa juu ya ardhi ileile. Hati ilikuja mwezi wa Juni 2017, kwa ekari 288. Mzee alitaja hesabu hizo mbili bila kuangalia karatasi, 4,197 na 288, kama mtu anayetaja tarehe za kuzaliwa za watoto wake.

KARATASI YA SHULE

Mtasema, madam, hayo ya ardhi yanahusu nini shule? Yanahusu sana. Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, hapa jirani, walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Waliposukuma ukuta huo polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi, watoto wa sare za shule. Dunia nzima iliona picha. Uwanja ulirudishwa, na Serikali ikaagiza shule za umma zipatiwe hati. Ilichukua machozi ya watoto watu wazima wakumbuke kuuliza karatasi iko wapi.

Na tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupasua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba zilibomolewa, na shule pia, zile za mabati ambazo wazazi na makanisa walizianzisha kwa sababu za Serikali hazitoshi. Watoto walisimama juu ya vifusi wakitafuta madaftari. Shule hizo hazikuwa na hati. Nilikuwa pale asubuhi ile, na sina maneno mengi ya kuandika juu yake.

Basi katika kikundi chetu tulifanya hivi, na ninyi mwaweza kujaribu. Tulichukua karatasi kubwa ya manila tukachora mstari katikati. Upande mmoja tukaandika yale aliyoyaomba Kang'ethe na wenzake mwaka 1925, jambo moja moja: hati ya ardhi, shule, shule ya wasichana, wahudumu wa hospitali, sheria kwa lugha ya watu. Upande wa pili kila mtu akasema kama jambo hilo yeye analo leo. Kahawa tuliiacha, ingawa mzee mmoja alicheka akasema hata ya kunywa hana. Tulidhani itachukua nusu saa, ikachukua jioni nzima. Yule mama wa Lindi, ambaye huwa hasemi, alieleza jinsi alivyofukuzwa mara tatu katika vyumba vitatu na hakuna hata mara moja alipopewa karatasi ya lugha anayoijua. Yule baba wa "watu wetu" aliandika upande wa shule ya wasichana kwamba binti yake wa kwanza aliacha masomo darasa la sita kwa ajili ya kulea wadogo zake. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake.

Kama kikundi chenu kina vijana, wapeni kazi ya kwenda kwa wazee na kuuliza juu ya kipande: nani alikivaa, alisimamishwa wapi, ilikuwaje siku alipokitupa. Wazee hao wamebaki wachache sana, na wengi waliobaki walikuwa watoto wakimwona baba amekivaa. Wakiwa wanasoma Joseph Kang'ethe, au Ayany, au Toi, au Kibera Primary, waulizeni na jina la shule yao lilitoka wapi. Kule Eastlands kuna shule ya Martin Luther King. Kuna mtoto pale anayejua juu ya mtu wa Marekani kuliko wa kwetu, na si kosa lake.

Kisha mkae mzungumze haya. Chama cha Kang'ethe kilifungiwa mlango London mwaka 1931 kikaendelea miaka tisa zaidi: kilishikwa na nini? Viongozi wetu wakikosana, tunawezaje kukosana bila kuua kazi? Katika yale ya 1925, ni lipi moja ambalo ninyi mngeanza nalo mwaka huu, na barua yake mtaiandikia nani?

La mwisho ni la kufanya, si la kujadili. Chagueni wazazi wawili waende kwa mwalimu mkuu wa shule wanakosoma watoto wenu, kwa heshima, wakiwa wamepanga siku, waulize kama shule ina hati ya ardhi na mipaka yake imepimwa mpaka wapi. Sisi tumechagua mama wa Lindi na yule baba. Wanakwenda Jumanne.